Mamba wa Ufilipino
Mamba huyu wa maji baridi haishi kwingine duniani ila katika visiwa vya Ufilipino. Ni mdogo, nadra kuzidi mita 3, na konokono ni sehemu kubwa ya mlo wake. Hata hivyo ameuawa kwa ajili ya ngozi yake, na kwa hofu inayomstahili zaidi jamaa yake mkubwa wa maji ya chumvi. Si haki. Leo mashamba ya mpunga yanameza vinamasi na kingo anapotaga. Baruti na umeme wa wavuvi haramu humuua. Akinaswa wavuni, hufa maji. Mwaka 2001, manispaa ya San Mariano, kisiwani Luzon, ilitenga Mto Disulap kuwa hifadhi yake. Vitoto hulelewa hadi vipate nguvu, kisha hurudishwa porini.