Mboga Ilivyopata Jina la Umaskini

Beshte yangu aliacha nyama miaka miwili iliyopita, na tangu hapo swali analoulizwa Kibera ni moja: "Uko sawa?" Hawaulizi afya, wanauliza mfuko. Mtu wa Makina akisema hali nyama, watu wanasikia kwamba hana pesa ya kununua.

Mwezi uliopita tulienda mkahawa mmoja wa Wahindi pale Parklands, ule wa mboga tupu. Ukaletwa kwenye sinia la chuma lenye vibakuli vidogo: chapati mbili, dengu, maharagwe, mchicha, viazi, wali, mtindi. Aliangalia sinia, akaangalia bili, akasema, "Si hii ni chapo ndengu ya Kawangware imevaa suti?" Nilicheka, lakini maneno yake yalinikaa. Parklands, kutokula nyama ni imani na watu wanailipia. Kawangware, chakula kilekile ni dalili ya shida. Nani alipanga hivyo?

Upande wa Wahindi hadithi ni fupi. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa 1896 na ukafika Nairobi 1899. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi, Waislamu na Masingasinga, na wengi wa hao nyama walikula. Desturi ya kukaa bila nyama maisha yote ililetwa zaidi na wafanyabiashara wa Kigujarati, Wahindu na Wajaini. Mjaini mkali hagusi hata kitunguu wala kiazi, kwa sababu ukichimba mzizi umeua mmea mzima. Chapati ikatoka jikoni kwao ikaja kwetu, kwanza kama chakula cha Krismasi, halafu cha kila siku kibandani. Ile imani haikusafiri nayo.

Kwetu hadithi ni ndefu zaidi, na inaanza kabla Nairobi haijakuwepo. Pande za Dagoretti, ambako Kawangware iko leo, na Ngong jirani yake zilijulikana na misafara ya Waswahili kama mahali pa kununua chakula cha njiani kwa Wakikuyu kabla ya kuvuka Bonde la Ufa. Lugard alijenga ngome Dagoretti mwaka 1890, kisha akaendelea hadi Uganda. Mwaka uliofuata aliwachukua askari wa Kisudani waliokuwa wa Emin Pasha. Baadhi ya askari hao, pamoja na wenzao na watoto wao, waliishia katika King's African Rifles, na jeshi hilo ndilo lililowaweka Wanubi Kibra, neno lao lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Kwa hiyo mitaa yetu miwili inakutana kwa mzungu mmoja: upande mmoja ulilisha misafara kama yake, mwingine ulitokana na askari aliowakusanya.

Misafara ilinunua nini? Njahi, viazi vitamu, nafaka, ndizi. Wakikuyu walikuwa na mbuzi na ng'ombe, lakini mnyama alichinjwa kwa sababu: mahari, tambiko, sherehe, mgeni mzito. Siku za kawaida watu walikula vya shambani, na sijaona popote kwamba walikula wakiona haya.

Haya ilipewa karatasi mwaka 1931. Mwaka huo Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha ripoti ya John Boyd Orr na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba Kenya. Waliwalinganisha Wakikuyu, wala nafaka na mizizi, na Wamaasai, wala nyama, maziwa na damu. Mwanaume wa Kimaasai, walisema, alimzidi wa Kikuyu kwa urefu wa inchi tano, kwa uzito wa ratili 23, na kwa nguvu za misuli kwa asilimia 50. Ukiwa serikali inayotegemea vibarua, hizo si namba za kupuuza. Na ukiwa mtu aliyepimwa, umeambiwa na sayansi kwamba chakula cha mamako kimekufanya mnyonge.

Mimi siikatai mizani yao. Shida ni kile kilichoachwa nje ya mizani. Orr alikuwa mtaalamu wa lishe ya mifugo kutoka Aberdeen, na tayari alikuwa anafuatilia habari za madini kwenye malisho. Kufikia wakati huo mashamba mengi ya Kiambu na Limuru yalikuwa mikononi mwa walowezi. Mwanahistoria Cynthia Brantley alipoirudia kazi hiyo mwaka 1997, alionyesha jinsi mabadiliko ya ukoloni yalivyokuwa yamevuruga maisha ya watu waliopimwa. Kumnyang'anya mtu shamba halafu ukaandika kwamba mlo wake una kasoro, hiyo ni aina ya ujasiri.

Na kuna jambo ndani ya ripoti yenyewe ambalo halitajwi sana: wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi ya kijani ambayo wanaume hawakuyajali, na tofauti kati yao na Wamaasai wanawake ilikuwa ndogo zaidi. Yaani jibu lilikuwa kwenye chungu, ila lilikuwa chungu cha wanawake.

Majani hayo, managu, terere, saget, yalikuja kuitwa magugu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyekulia Magharibi mwa Kenya, hakuweza kula nyama, samaki, mayai wala maziwa utotoni kwa sababu mwili wake uliyakataa. Alilelewa kwa mboga za kienyeji, akaja kuzifanyia utafiti kwa miongo kadhaa, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ukamtunuku. Leo managu inauzwa supamaketi ikiwa imefungwa kwa karatasi ya plastiki.

Kibera ilirudi kwenye majani kwa njia ngumu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 soko la Toi liliungua, na vijana waling'oa reli. Mwaka 2008 shirika la Kifaransa Solidarités lilianza kuwapa watu miche ya kupanda kwenye magunia yaliyojazwa udongo, sukuma na spinachi zikitoka pembeni kupitia matobo. Sukuma wiki nayo, kwa jina lake tu, inakuambia ilipewa kazi gani.

Njahi bado iko. Iliposhindwa na mahindi na maharagwe, ilibaki chakula cha mama aliyejifungua. Nenda soko la Kawangware uulize bei ya kilo: iko juu ya maharagwe.