Afadhali kukosea kwa mdoli

Hapa ni Nansio, Ukerewe.

Kuna msemo tunaupenda sana: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Ni msemo mtamu ukiwa kijiweni. Sasa jaribu kuusema wodi ya wazazi, saa nane usiku, kisiwani. Meli ya kwenda Mwanza inatumia kama saa tatu, na haiondoki kwa sababu wewe una dharura. Njia nyingine ni kivuko cha Rugezi na Kisorya, halafu barabara ya Bunda. Mtoto anapozaliwa bila kulia, mkunga ana dakika moja tu ya kumfanya apumue. Wenyewe wanaiita dakika ya dhahabu. Hospitali ya rufaa ya Bugando, pamoja na mabingwa wake wote, haiwezi kumsaidia ndani ya dakika hiyo.

Mahali kama hapa kosa la kwanza linaweza kuwa ndilo la mwisho. Sasa mkunga akosee wapi ili ajifunze?

Swali hili marubani walikutana nalo mapema. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alitengeneza mashine ya kumfundisha mtu kurusha ndege akiwa chini. Jeshi la Marekani lilianza kuzinunua mwaka 1934, baada ya marubani wake kufa kwa ajali wakisafirisha barua. Yaani ilibidi watu wafe kwanza. Lakini tangu hapo rubani aliweza "kuanguka" mara kumi na jioni akaenda kula nyumbani.

Kwenye udaktari jambo hili lilianzia kwa fundi wa midoli. Asmund Laerdal wa Stavanger, Norway, alikuwa akitengeneza vitu vya kuchezea watoto. Mwanawe Tore alipokuwa na miaka kama miwili alinusurika kufa maji, na baba ndiye aliyemwokoa. Mwaka 1960 Laerdal alitoa Resusci Anne, mdoli wa kujifunzia kumpulizia pumzi mtu aliyezimia. Sura yake ilichukuliwa kwenye kinyago cha msichana ambaye, kwa mujibu wa simulizi, aliopolewa kutoka mto Seine, Paris, karne ya 19. Sisi wa ziwani, tuliozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere hapo Ukara mwaka 2018, hatuhitaji kuelezwa kwa nini mdoli wa namna hiyo ulianzia kwenye maji.

Hata hivyo, kwa miaka mingi tabibu aliendelea kujifunzia kwa mgonjwa. Mwaka 1999 ripoti moja ya Marekani ilikadiria kuwa makosa ya kitabibu yaliua watu kati ya 44,000 na 98,000 kila mwaka katika hospitali za nchi ile. Kama hali ilikuwa hivyo kwenye nchi yenye fedha zote zile, basi dawa haikuwa kununua mashine tu. Ilibidi makosa yaanze kuongelewa.

Turudi Tanzania, maana hapa ndipo habari inaponoga.

Kuanzia mwaka 2009 hospitali nane nchini zilijaribu mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Wakunga walitumia mdoli unaojazwa maji ya uvuguvugu ili uwe na uzito na ulegevu wa mtoto kweli. Ukiuwekea kinyago vibaya, hewa inavuja na kifua hakipandi. Hakuna wa kukudanganya kwamba umeweza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, yakiongozwa na Georgina Msemo wa Wizara ya Afya, yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1,000.

Watu wangeweza kupiga makofi wakaishia hapo. Lakini Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, ilifanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: ilijikagua.

Aprili 2010 wahudumu wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja. Kabla ya hapo, asilimia 18 tu walifaulu zoezi la kumwokoa mtoto kwa mdoli. Miezi saba baadaye walikuwa asilimia 74. Safi kabisa! Ila watafiti waliokaa chumba cha kujifungulia wakitazama kazi halisi hawakuona mabadiliko hayo kwa watoto wenyewe. Mkunga alifaulu darasani, akirudi wodini anafanya kama zamani. Na huko kuchelewa kuna gharama: utafiti mwingine wa hapo hapo ulionyesha kuwa kila sekunde 30 za kuchelewa kumpa mtoto hewa zilimwongezea kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu.

Wangeweza kuficha. Badala yake walibadilisha, wakaandika, wakachapisha. Kuanzia Februari 2011 mdoli uliletwa wodini. Mazoezi yakawa ya dakika tatu hadi tano, kila wiki, pale pale kazini, pamoja na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Mwaka uliofuata vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Hivyo walimu nao walikuwa wamekosea namna ya kufundisha, na wakajifunza.

Mbegu hiyo imekua. Mpango ulioongozwa na Haydom uliingia vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza yetu. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2025, yanahusu karibu watoto 280,000. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 6.4 hadi 3.8 kwa kila 1,000, na vya akina mama kutoka 240 hadi 60 kwa kila 100,000. Tusiupe mdoli sifa zote, maana vilikuwamo pia vifaa vipya na takwimu za kila kituo kujitazama. Lakini kiini kilikuwa kile kile: rudia mara kwa mara, kisha kaeni mjadiliane bila kutukanana.

Hilo la mwisho ndilo gumu kwetu. Mtoto akifa, swali la kwanza ni "nani alikuwa zamu?" Sisi waandishi nasi tunakimbilia kichwa cha habari chenye neno "uzembe". Uzembe upo, na ndugu wana haki ya kupewa majibu. Lakini mkunga anayejua kwamba akisema ukweli atasimamishwa kazi, atanyamaza, na kosa lake litamsubiri mama wa wiki ijayo.

Mdoli haushitaki na hauzikwi. Dakika tano kwa wiki hazihitaji mfadhili. Wewe msomaji, kazini kwako kuna mahali pa kukosea bila mtu kuumia? Na mwenzako akikiri kosa, unamfanya nini?