Umbali wa sayari kutoka kwenye jua, na hukumu ya kuzuia ndoa kwa sababu ya "nyota"

SWALI: Sheikh, kijana wetu wa Unguja anafanya biashara Kasingirima, Ujiji, na ameposa binti wa hukohuko. Wazee wa binti waliridhia, lakini shangazi yake akaenda kutazamia, akaambiwa nyota ya kijana ni Zohali na ya binti ni Zuhura, hazipatani. Posa imesimama. Mdogo wake binti anasema shuleni wamefundishwa kuwa sayari hizo ziko mamilioni ya kilomita kutoka kwenye jua. Ziko umbali gani hasa, na nini hukumu ya jambo hili?

JIBU: Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Kwa ufupi: alilofundishwa mtoto ni sahihi na kulisoma hakuna ubaya. Kuzuia ndoa kwa utabiri wa nyota hakujuzu.

Umbali wenyewe

Sayari haziendi kwa duara kamili, hivyo hutajwa umbali wa wastani, kwa mamilioni ya kilomita, pamoja na muda wa kulizunguka jua mara moja:

- Utaridi (Zebaki): 58, siku 88
- Zuhura: 108, siku 225
- Dunia: 150, siku 365 na robo
- Mirihi: 228, siku 687
- Mshtarii: 778, karibu miaka 12
- Zohali: 1,430, miaka 29 na nusu
- Uranusi: 2,870, miaka 84
- Neptuni: 4,500, miaka 165

Reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kama kilomita 1,250. Kufika kwenye jua ni safari hiyo mara 120,000. Mwanga wa jua hutufikia baada ya dakika 8 na sekunde 20.

Ukitaka kuwaonyesha watoto uani, weka jiwe liwe jua, na Dunia iwe hatua moja kutoka hapo. Mirihi itakuwa hatua moja na nusu, Mshtarii hatua 5, Zohali hatua 9 na nusu, Uranusi 19, na Neptuni 30.

Je, Zuhura na Zohali zinagombana?

Zuhura iko karibu na jua kuliko sisi, ndiyo maana haionekani usiku wa manane. Huonekana baada ya Magharibi upande wa milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, au kabla ya jua kuchomoza. Inapopotea machoni kwa siku kadhaa huwa imepita upande wa jua, wala si ishara ya nuksi. Zohali iko mbali kabisa: hata zinapokaribiana mno, kati yake na Zuhura hubaki zaidi ya kilomita milioni 1,200.

Tena hesabu ya watazamiaji mara nyingi haiangalii mbingu kabisa. Hujumlisha herufi za jina la mtu na la mama yake. Na vitabu vyao vya zamani havikuzijua Uranusi, iliyogunduliwa mwaka 1781, wala Neptuni, iliyogunduliwa mwaka 1846.

Hukumu

Wanazuoni wametenganisha mambo mawili. La kwanza ni hesabu ya mwendo wa jua, mwezi na sayari. Hii inaruhusiwa, na Surat Yunus aya ya 5 inabainisha kuwa vituo vya mwezi vimewekwa tujue idadi ya miaka na hesabu. Wavuvi wa dagaa wa Ujiji wanaosubiri usiku wa giza ili taa zao zivute samaki wanatumia elimu hii. Na anayefunga Kasingirima anaihitaji: jua huko huzama takriban dakika 38 baada ya Unguja, kwa hiyo akifuturu kwa adhana ya redio ya Unguja, atakuwa amekula mchana.

La pili ni kudai kuwa sayari huamua riziki, ndoa au mauti. Hili limekatazwa. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakasema ni kwa msiba huo. Mtume akawafundisha kuwa jua na mwezi ni alama za Allah, havipatwi kwa kifo wala uhai wa mtu. Wameipokea Bukhari na Muslim. Ikiwa kifo cha mtoto wa Mtume hakikuhusishwa na jua, vipi posa ya watu wawili ihusishwe na Zohali? Imepokewa pia na Muslim kuwa anayemwendea mtabiri na kumuuliza, swala yake haikubaliwi siku 40, ingawa wajibu wa kuswali unabaki.

Nasaha

Shangazi aelezwe kwa upole, kwani huenda alifanya kwa huruma, na atubie. Wazee wamtazame kijana kwa dini yake na tabia yake, waulize anaoswali nao na anaofanya nao biashara. Binti naye aulizwe ridhaa yake. Kisha waswali istikhara. Wakimkataa kwa aibu ya kweli, hiyo ni haki yao. Wakimkataa kwa nyota, wamemdhulumu yeye na binti yao.

Wallahu a'lam.