Sinema za zamani zinazostahili kutengenezwa upya: tuanze na kijana anayeingia mjini

Jumatano iliyopita, kwenye kipindi cha jioni, niliuliza swali ambalo nilidhani ni la kujazia dakika za mwisho tu: sinema gani ya zamani ungependa itengenezwe upya? Simu hazikukatika mpaka saa tatu usiku. Wengi walitaja za Kihindi, wengine za Kinigeria. Kisha akapiga mzee mmoja. Alisema enzi za utoto wake aliona sinema kwenye uwanja wa shule, shuka jeupe limefungwa kati ya miti miwili na gari la sinema la serikali linanguruma pembeni. Ilikuwa ya kijana wa shamba aliyefika mjini akatapeliwa. Jina hakulikumbuka. "Hiyo ndiyo irudiwe," alisema, "maana mwanangu naye katapeliwa hivyo hivyo mwaka jana, ila yeye kwa simu." Salio likamwishia hapo.

Niliahidi kuandika, basi msikilizaji, haya ndiyo niliyonayo.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kutengeneza upya ni kuchukua kisa cha sinema ya zamani na kukipiga picha tena, kwa waigizaji wapya na mara nyingi katika mazingira ya leo. Si mwendelezo, ambao huanzia pale hadithi ya kwanza ilipoishia. Si kusafisha mkanda wa zamani ili picha na sauti vionekane na kusikika vizuri. Wala si kutafsiri, ile kazi ya kuingiza sauti ya Kiswahili juu ya muvi ya Kichina, iliyompa marehemu Lufufu jina kubwa katika vibanda vya video.

Wahindi wamelizoea jambo hili. *Don* ya mwaka 1978 aliicheza Amitabh Bachchan, na mwaka 2006 akaicheza Shah Rukh Khan. Wanigeria nao wameamka. *Nneka the Pretty Serpent* ya 1994, ile ya mwanamke nyoka iliyotufanya tuogope kurudi nyumbani peke yetu baada ya kutoka kibandani, ilitengenezwa upya mwaka 2020. Mwaka huo huo ilitengenezwa upya pia *Rattlesnake*, ambayo ya kwanza ilikuwa ya 1995, na mwaka 2022 ikaja *Glamour Girls*. Kwa maoni yangu, mpya zina picha safi na magari mazuri, lakini hofu ya *Nneka* ya zamani hawakuipata. Sisi tuliiona kwenye televisheni ya inchi 14, umeme wa jenereta, picha inachezacheza, na bado tulilala tumejifunika gubigubi.

Turudi kwa mzee wetu. Kisa cha kijana wa kijijini anayeingia mjini ndicho kisa kikongwe kuliko vyote katika sinema za nchi yetu. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha mradi wa majaribio ya sinema za kuelimisha Waafrika, makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Walitengeneza filamu 35. Nyingi zilikuwa za kilimo, afya na akiba ya fedha, lakini mojawapo, *Gumu*, ilihusu kijana aliyekwenda mjini akaangukia kwenye kundi baya. Ujumbe ulikuwa wazi: baki shambani kwenu. Sauti haikuwa ndani ya mkanda wenyewe. Ilipigwa kwenye sahani ya santuri sambamba na picha, ili filamu moja iweze kusemwa kwa lugha mbalimbali.

Miaka ya mwanzo ya 1950 ikaja *Muhogo Mchungu*, iliyotengenezwa na serikali ya kikoloni kwa kushirikiana na kampuni ya Afrika Kusini. Hii ilikuwa ya kuchekesha. Mshamba anafika Dar es Salaam na wajanja wa mjini wanamgeuza mtaji. Aliyeigiza ni kijana aliyekuwa mtumishi wa serikali, jina lake Rashidi Kawawa. Ndiyo, ni yule yule Simba wa Vita. Miaka kumi hivi baadaye, mwaka 1962, alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Kwa hiyo kama babu yako aliwahi kukwambia kwamba alimwona Waziri Mkuu akichekesha watu kwenye shuka jeupe, hakuwa anakudanganya.

Katikati ya miaka ya 1970, Kampuni ya Filamu Tanzania ikatoa *Fimbo ya Mnyonge*. Safari hii serikali ni ya kwetu, lakini njia ni ile ile. Maskini anakwenda mjini kutafuta maisha, anayakosa, na matumaini anayakuta katika kijiji cha Ujamaa.

Ukizipanga hizo tatu utaona kitu. Kijana ni mmoja, barabara ni moja, na kila mara anayeshika kamera ameshaamua kijana aishie wapi. Mkoloni anamtisha, kisha anamcheka, na serikali ya uhuru inampangia kijiji. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alifunga begi. Mimi niliondoka kwetu nikiwa na miaka 19, na sikuwa nimedanganywa na taa za mjini. Shamba la baba lilikuwa ekari mbili na sisi tulikuwa wanaume watano.

Ndiyo maana nasema hiki ndicho kisa kinachostahili kurudiwa kabla ya vingine vyote. Kijana wa leo anaijua Dar kabla hajapanda basi, kwa sababu ameiona kwenye simu. Huenda ameuza kipande cha shamba anunue bodaboda ya mkataba. Tapeli hamsubiri stendi tena, anamtumia ujumbe akiwa bado kijijini: "ile hela tuma kwenye namba hii." Na wapo wanaorudi na mtaji wakafungua duka, jambo ambalo sinema hizo za zamani hazikulifikiria. Kisa kama hicho hakihitaji helikopta. Kinahitaji mwandishi aliyewahi kulala stendi.

Ya pili kwenye orodha yangu ni *Arusi ya Mariamu* ya mwaka 1985, filamu fupi isiyofika hata saa moja, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Mariamu anaumwa, hospitali haijamsaidia, mumewe anataka waende kwa mganga, naye anaogopa waganga tangu utotoni. Leo mabango ya waganga yako kwenye kila nguzo ya umeme na namba zao za simu, na bado kuna mke na mume wanabishana usiku huu juu ya jambo hilo hilo.

*Maangamizi*, ya Martin Mhando na huyo huyo Mulvihill, mimi ningeiacha kama ilivyo. Ni kisa cha daktari kutoka Marekani anayekuja kumtibu mwanamke aliyekaa miaka mingi hospitalini bila kusema neno, mwanamke anayeigizwa na Amandina Lihamba. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania tuzo ya Oscar, mwaka 2001. Ya pili, *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, ilisubiri mpaka 2022. *Maangamizi* haina haja ya kurudiwa. Ina haja ya kuonekana, maana nikiuliza hapa ofisini ni wangapi wameitazama, mikono haipandi.

Msikilizaji mmoja aliuliza kama anaweza kuchukua kamera na vijana wenzake wakairudia sinema ya zamani bila kumwomba mtu. Inategemea. Wazo peke yake, mfano kijana kwenda mjini, halina mwenyewe. Lakini hadithi yenyewe ilivyopangwa, mazungumzo na muziki vinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Kwa filamu, ulinzi huo ni wa miaka 50. Kama filamu ilitokana na kitabu, kitabu nacho kina haki zake: maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kabla ya kurudia kazi ya mtu, ulizeni COSOTA. Na kabla ya kuanza kupiga picha, kibali ni cha Bodi ya Filamu.

Mzee wetu wa Jumatano, kama unasoma au unasomewa na mjukuu: ile uliyoiona inawezekana ni *Muhogo Mchungu*. Piga tena wiki hii, tutakurudishia simu sisi, utueleze mwisho wake ulikuwaje.