Fremu Kabla ya Baiskeli: Kiwanda cha Buha Kisichohesabiwa

Historia ya viwanda vya Tanzania ina mazoea ya kuanzia getini mwa kiwanda. Kwa upande wa baiskeli simulizi lake ni fupi: enzi za Mwingereza kulikuwa na Raleigh ya Nottingham, katika miaka ya 1970 ikaja Swala, baiskeli ya kampuni ya umma ya NABICO, kisha zikatawala Phoenix ya Shanghai pamoja na Hero na Avon za Ludhiana, India. Katika simulizi hilo kata kama Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, hutajwa kwa nadra, na ikitajwa huwa ni kituo cha mwisho, mahali baiskeli ilipofika ikiwa imekwisha kutengenezwa na kubakiwa na kazi moja tu ya kuchakaa. Nadhani hapo pana kosa la msingi. Baiskeli iliyobeba mizigo ya Buha, nchi ya Waha, ilimaliziwa kutengenezwa Buha, na hatua iliyoitofautisha na ile iliyotoka kiwandani ni ile ambayo watu wengi hawaioni: kazi anayoifanya fundi juu ya fremu tupu, kabla hajatia hata gololi moja.

Kwanza tuone mzigo, maana fremu haieleweki bila mzigo. Nyanda za Kasulu na Kibondo ni nchi ya miinuko na mabonde, yenye udongo mwekundu na mvua za takriban nusu ya mwaka. Upande wa mashariki, kuelekea mto Moyowosi, mbung'o walizuia ng'ombe na punda kustawi, na katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilihamisha watu na kuwakusanya katika makazi maalumu kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini iliishia ziwani, mbali na milima. Kwa hiyo kilichotoka shambani kilibebwa kichwani mwa mtu. Pesa ya kununulia baiskeli ilipatikana mbali: wanaume wa Buha walikwenda umanamba katika mashamba ya mkonge, na kuanzia mwaka 1944 uandikishaji wao ulishikwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba. Ikafuata Operesheni Kigoma, mwaka 1972 na kuendelea, iliyowapanga watu katika vijiji vya kando ya barabara. Nyumba ilihama, lakini shamba halikuwa na miguu ya kuifuata. Majina kama Rungwe Mpya na kata ya jirani katika wilaya hiyohiyo, Asante Nyerere, yanaonyesha wazi kuwa ramani hii imeandikwa upya katika karne ya 20. Kila uhamisho ulirefusha safari ya mhogo, ndizi na kuni, na baiskeli ndiyo iliyoziba pengo hilo. Waha na Warundi, ambao lugha zao ni za jirani mno, walipitisha mizigo na ujuzi juu ya mpaka wa nchi zao.

Baiskeli zilisafiri zikiwa zimefunguliwa, kwa sababu meli na behewa hutoza kwa nafasi, na baiskeli nzima ni nafasi tupu iliyozungukwa na mabomba. Kwa hiyo kila baiskeli iliyofika bara ilihitaji mtu wa kuiunga, na muungaji mwangalifu haanzi kuunga. Anaanza na fremu. Anaipima kwanza kama imenyooka: kamba inafungwa upande mmoja wa nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapokaa, inapitishwa mbele kuzunguka bomba la usukani na kurudi upande wa pili, kisha nafasi kati ya kamba na bomba la kiti inapimwa kushoto na kulia. Zisipolingana, fremu imepinda, na vitakavyoliwa ni mnyororo na tairi. Halafu anaangalia nyuzi za pale ekseli ya pedeli inapopita. Hapa ndipo fundi wa kubahatisha hujulikana. Kikombe cha kulia, kimoja kati ya viwili vinavyoshika gololi za ekseli hiyo, hufungwa kinyume, kwa kuzungusha upande wa kushoto, ili mwendo wa pedeli usikilegeze. Na Raleigh ilishikilia nyuzi zake yenyewe, 26 kwa inchi, wakati kipimo cha kawaida cha Uingereza kilikuwa 24. Kikombe cha nyuzi 24 huingia kwenye fremu ya nyuzi 26 mizunguko michache, kikamdanganya anayekifunga, kisha kikazitafuna nyuzi za fremu. Anayelazimisha kwa spana ameua fremu siku ileile aliyoianza.

Baada ya nyuzi huja kutu. Raleigh iliyajua maji. Baada ya Vita vya Pili ilizitia fremu zake dawa ya fosfeti chini ya rangi nyeusi iliyookwa kwenye tanuri. Lakini dawa hiyo ililinda ngozi ya nje. Maji ya masika huingia kwenye bomba la kiti, hushuka na kutulia chini, penye vikombe na gololi, na huko hula chuma kwa ndani bila mwenye mali kujua. Ndiyo maana fundi anayejali hupaka grisi au oili chafu ndani ya mabomba wakati bado yako wazi, hutoboa tundu dogo chini la kutolea maji kama kiwanda hakikulitoboa, huondoa kwa tupa uchafu wa rangi mahali chuma kinapokutana na chuma, na hukagua kama vikombe vya usukani vimekaa sawasawa. Mwishoni mabomba huviringishiwa mpira au plastiki. Wageni huona urembo, na urembo upo, ila kazi yake ya kwanza ni kuzuia kamba za mizigo zisikwangue rangi, kwa kuwa rangi ikitoka, kutu imepata mlango.

Atakayesema huu ni ukarabati tu, si utengenezaji, ana hoja inayostahili jibu. Kutengeneza, kwa maana yake, ni kutoa bomba kwenye chuma ghafi. Huyu amepokea kitu kilichokwisha kuumbwa. Lakini kipimo hicho kingeifuta hata Swala, kwa maana wala kiwanda chake cha Dar es Salaam hakikuanzia kwenye mawe ya chuma. Tena kusafisha nyuzi na kusawazisha nyuso za fremu mpya ni hatua inayokubalika katika karakana bora za Ulaya. Kampuni ya Campagnolo ya Italia ilitengeneza seti nzima ya visu vya kazi hiyo, na fundi mwenye seti hiyo huheshimiwa kama bingwa. Kazi ikifanywa kwa kisu cha Kiitaliano ni ufundi, ikifanywa kwa tupa na kamba ni kubahatisha? Kinachobadilika ni kifaa. Maarifa ya kujua fremu inadai nini ni yaleyale.

Kuna ushahidi mzito zaidi, nao ni moto. Fremu za zamani ziliungwa kwa soketi za chuma kwenye maungio, na mabomba yakashikwa humo kwa shaba ya njano. Shaba hiyo huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 900, mbali sana na nyuzijoto takriban 1,500 zinazoyeyusha chuma chenyewe. Moto wa mkaa unaopulizwa kwa mvukuto unafika huko bila shida. Wahunzi wa bara walikuwa wakitoa chuma kwenye mawe yake na kukifua kwa moto wa namna hiyo karne nyingi kabla ya Raleigh. Maana yake ni kwamba kiungo kilichofungwa Nottingham kingeweza kufunguliwa na kufungwa tena kijijini, bomba lililokufa likatolewa na jingine kuingizwa. Hilo lilikuwa na thamani kubwa katika miaka ya uhaba, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa zilipotolewa kwa kibali kupitia maduka ya ushirika na ya kampuni za biashara za mikoa, hadi bajeti ya Juni 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza mali. Kwa miaka hiyo fremu ilikuwa ndiyo mtaji. Magurudumu yangeweza kubadilika, kiti kikashonwa upya, pedeli ikawa ya mti. Fremu iliyoandaliwa vizuri ilivuka yote hayo.

Sidai kwamba kila alichofanya fundi kilikuwa sahihi. Kuongeza bomba la pili la juu, kuimarisha foku kwa vyuma vya pembeni, kufunga keria ya nondo: yote yalijibu mzigo ambao wabunifu wa Uingereza, waliomfikiria mtu mmoja na kifurushi chake, hawakuuwaza. Lakini chuma chembamba kikichomelewa katikati ya bomba hupata udhaifu kando ya mshono, na nyufa nyingi huanzia hapohapo. Umeme ulipofika na mashine za kuchomelea, kosa hilo likawa rahisi zaidi, kwani mashine hupiga joto kali mahali padogo na haina upole wa moto wa mkaa. Fremu za sasa zisizo na soketi zimeondoa hata nafasi ya kufungua kiungo. Mabadiliko hayo yamepunguza uwezo wa fundi, wala sioni sababu ya kuyaita maendeleo kwa sauti moja.

Wapo pia wanaosema mjadala umepitwa, pikipiki imemaliza kazi. Ni kweli bodaboda za kuanzia miaka ya 2000 zimechukua abiria na sehemu kubwa ya mzigo. Ila pikipiki nayo husafirishwa katika sanduku ikiwa imefunguliwa, nayo inamdai muungaji ajue kipi kipakwe grisi na kipi kikazwe kwanza. Mkono ulioiunga ulijifunzia kwenye baiskeli.

Limebaki swali la hati. Mwanahistoria ataniuliza daftari za mafundi hawa ziko wapi, nami namjibu kuwa aikwangue fremu. Chini ya mpira ataona rangi ya tatu, chini yake ya pili, chini yake nyeusi ya kiwandani. Ataona doa la shaba mahali kiwanda hakikuliweka, tundu la maji, alama za tupa kwenye nyuzi, bomba lenye unene tofauti na wenzake. Kila alama ina mpangilio wa kabla na baada, kama tabaka za udongo anazozisoma mchimbaji wa mambo ya kale, na zikisomwa kwa mamia zinaweza kutwambia ujuzi upi ulitangulia, upi uliiga, upi ulivuka mpaka kutoka Burundi. Hakuna kumbukumbu nyingine ya kazi hii iliyo aminifu kiasi hicho. Na sasa lami imepita Kasulu kuelekea Kibondo na Nyakanazi, lori la vyuma chakavu linafika kirahisi, na fremu kuukuu inanunuliwa kwa kilo, ikatwe, ipakiwe pamoja na mabati na sufuria zilizotoboka, ipelekwe kwenye tanuri.