Ratiba ya Maisha

Kiumbe hukaa utotoni muda gani, huanza kuzaa lini, huzaa mara ngapi, hufa lini? Wanabiolojia hukusanya maswali haya chini ya istilahi moja, ambayo mara nyingi hugeuzwa “historia ya maisha”. Msomaji hupotea hapo hapo, kwani kwetu historia ya maisha ni wasifu: kazaliwa Nkoaranga, kasoma Ilboru, kastaafu. Istilahi yenyewe haisimulii yaliyompata mmoja. Inahusu jinsi muda na nguvu zinavyogawanywa. Naona “ratiba ya maisha” inafaa zaidi. “Mpango” ungekaribia, ila mdudu hapangi, na akili ya msomaji ingekimbilia uzazi wa mpango.

Tuijaribu kwa kereng'ende (mdudu, si ndege wa vichakani mwenye jina hilohilo), hasa wale wembamba ambao wengi wao hukunja mabawa wakitua. Utotoni huishi majini. Akishatoka na kupata mabawa, huwinda kwanza hadi apevuke, ndipo arudi penye maji kutafuta mwenzi.

Japani wapo kereng'ende wa jenasi Mnais ambao madume wao wana sura mbili. Wenye mabawa ya rangi ya chungwa hushika kipande cha kijito na kukipigania. Wenye mabawa maangavu, wanaofanana na majike, hawana eneo, huvizia. Mwaka 1997 Yoshitaka Tsubaki na wenzake walilinganisha maisha ya pande zote mbili. Wa chungwa hupata zaidi kwa siku, lakini hudumu kidogo kazini. Mviziaji huambulia kidogo kidogo kwa muda mrefu zaidi. Mwisho wa hesabu wanakaribiana. Ni kama kahawa na mchicha katika shamba la Meru: ukipima mavuno ya siku moja, utadanganyika.

Hapa Afrika, kereng'ende mwembamba Ischnura senegalensis, ambaye yupo Japani pia, ana kioja cha upande wa pili: majike ndio wenye sura mbili, na moja inafanana na dume. Hilo huenda humpunguzia jike usumbufu wa madume. Lakini sura si ratiba. Anayetaka kuijua ratiba yao ukingoni mwa Ziwa Duluti itambidi awakamate, aandike namba kwenye bawa la kila mmoja kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha arudi kila siku kuona nani bado yupo.