Mwenye Chombo, Mlinzi na Mpigaji: Kutoka Ngoma ya Mtawala hadi Gitaa la Besi

Historia ya muziki wetu imeandikwa mara nyingi kwa majina ya waimbaji na watunzi. Ni mara chache mwandishi amesimama kuuliza: chombo kilichopigwa kilikuwa cha nani? Nani alikichonga au kukinunua, nani alikitunza, na nani aliruhusiwa kukigusa? Maswali haya si madogo. Katika majibu yake tunaweza kuona jinsi jamii ilivyogawana mali, heshima na maarifa.

Katika nchi zenye viwanda vikubwa, gitaa la besi ni mali ya mtu binafsi. Mtu hulinunua kwa fedha yake na kulichagulia umbo na rangi. Wapo wapenzi wa besi wasiotaka rangi nyingine ila buluu. Nao hukutana, wakaonyeshana magitaa yao, wakasifiana, na kuachiana wayapige kwa zamu. Kwao umiliki ndio hutangulia, na ushirika huja baadaye. Kwetu Tanzania mambo yalikwenda kwa njia nyingine: aghalabu chombo kilikuwa cha wengi kabla hakijawa cha mmoja. Insha hii inakusudia kulieleza jambo hilo, ikianzia katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako mila ya kumiliki vyombo vya muziki ilikuwa na mizizi mirefu, na kuishia katika kumbi za dansi za mjini.

Ngoma ya nchi

Ngara ni nchi ya Wahangaza na Washubi, nayo inapakana na Rwanda na Burundi. Sehemu yake iitwayo Bugufi ilifungamana na ufalme wa Burundi kabla ya ukoloni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walipogawana nchi zilizokuwa chini ya Wajerumani, Bugufi ilibaki upande wa Tanganyika. Biharamulo, kwa upande wake, ilikuwa katika himaya ya Usubi, chini ya watawala wa ukoo wa Wahinda, ndugu wa wale waliotawala Karagwe na Uzinza.

Katika nchi hizi za Maziwa Makuu, ngoma haikuwa chombo cha kuchezea tu. Kwa Kirundi, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kihangaza, neno moja, ingoma, lina maana ya ngoma na maana ya ufalme pia. Kushika ngoma kulikuwa kushika nchi. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika Karagwe mwaka 1861, aliandika masimulizi aliyopewa huko juu ya urithi wa Rumanyika. Alipofariki Dagara, watoto wake watatu waligombea kiti. Ikawekwa mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kwa kuitazama lakini iliyolemewa na uzito wa dawa. Ndugu wawili walijitahidi wasiweze kuitikisa. Rumanyika akaiinua kwa kidole chake kidogo. Tusihangaike hapa kuuliza kama jambo hilo lilitokea hivyo hasa. Maana yake iko wazi: ngoma ya nchi haikununuliwa wala haikurithiwa kama mbuzi. Ngoma yenyewe ndiyo iliyomtambua mwenyewe.

Lakini mtawala hakuwa mpigaji, wala hakuwa mlinzi. Katika ufalme wa Burundi kazi ya kuchonga, kulinda na kupiga ngoma za kifalme ilikabidhiwa familia maalumu, baba akimrithisha mwana. Ngoma hizo zilichongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Zilipopigwa, kila moja ilikuwa na wajibu wake. Inkiranya, iliyowekwa katikati, iliongoza; zile ziitwazo amashakwe zilishika pigo moja lisilobadilika; na ibishikizo zilifuata maagizo ya inkiranya. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliuingiza mchezo huo wa ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Basi tunawaona watu watatu mbalimbali: mwenye chombo, ambaye ni nchi kwa jina la mtawala, mlinzi wa chombo, ambaye ni familia iliyoaminiwa, na mpigaji, ambaye mkono wake ndio hutoa sauti. Utengano huu wa kazi tatu ndio tutakaoutumia kupimia yaliyofuata.

Nanga ya mtu mmoja

Pamoja na ngoma ya nchi kulikuwa na chombo cha nyuzi, inanga kwa lugha za Burundi na Rwanda, enanga kwa Wahaya. Ni ubao uliochongwa na kufukuliwa mfano wa sinia refu, na juu yake uzi mmoja hupitishwa kwenda na kurudi mpaka ukawa nyuzi saba, nane au zaidi. Katika Uhaya nanga ilibeba tenzi za mashujaa, ambazo Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizifanyia utafiti mkubwa uliokamilika mwaka 1986. Katika Burundi kuna namna ya kuiimbia inanga kwa kunong'ona. Sauti ya nyuzi ni nzito na ya chini, na mwimbaji hupunguza sauti yake hata isikike kama pumzi inayotoka ndani ya chombo.

Nanga ilikuwa tofauti na ngoma ya kifalme, kwa kuwa mpigaji aliweza kuwa mwenyewe na mlinzi pia. Alibeba chombo chake, akaenda kwa mtawala au kwenye kilabu cha pombe, akaimba. Hivyo wazee wetu walijua njia zote mbili: chombo cha umma chenye walinzi, na chombo cha mtu binafsi kilichotumika mbele za watu.

Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa kwa sheria katika Tanganyika huru. Ngoma nyingi za kitawala zikapoteza kazi yake ya kale. Wakati huo huo sauti nyingine nzito ilikuwa ikiingia nchini.

Chombo kutoka kiwandani

Gitaa la besi la umeme la fundi Leo Fender lilianza kuuzwa mwaka 1951 huko California, Marekani. Kabla yake wapigaji walitumia besi kubwa ya kusimama, ambayo ni vigumu kuisafirisha, na sauti yake humezwa na tarumbeta. Gitaa jipya lilikuwa na nyuzi nne, zilizokazwa oktavu moja chini ya nyuzi nne nene za gitaa la kawaida. Uzi wake mnene kabisa hutetema kama mara 41 kwa nukta moja.

Rangi yake nayo ina historia. Miaka ya mwanzo ya 1960 kiwanda cha Fender kilitoa orodha ya rangi za kuagiza, zikiwamo buluu za namna mbalimbali, na mnunuzi alitozwa nyongeza ya asilimia 5 ya bei. Rangi hizo zilikuwa zile zile za kampuni ya Du Pont zilizopakwa motokaa za Marekani. Kwa hiyo gitaa la buluu lilikuwa tangu mwanzo alama ya mtu mwenye uwezo wa kuchagua. Na hapo ndipo ilipo tofauti yetu. Mpiga besi wa bendi ya umma hakuchagua rangi. Alilikuta gitaa lililonunuliwa, akalipiga.

Bendi za umma

Bendi za dansi zilikuwapo nchini tangu zamani za ukoloni. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah ikafuata huko huko Morogoro mwaka 1948. Nyingi zilikuwa vyama vya wapenzi, ambao walichanga fedha na kununua vyombo kwa jina la chama.

Mwaka 1964 hatua mpya ilichukuliwa. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda NUTA Jazz. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Mfano huo uliigwa na Polisi, majeshi, Jeshi la Kujenga Taifa, na Umoja wa Vijana uliounda Vijana Jazz mwaka 1971. Mwaka 1978 ikaanzishwa Mlimani Park chini ya shirika la teksi, TTTS. Na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Ndani yake alikuwamo mpiga besi mashuhuri Suleiman Mwanyiro, ambaye wapenzi walimpa jina la Kompyuta.

Jambo la kupendeza ni kwamba chombo hiki cha kigeni kilirudishwa kwenye ngoma. Mtindo wa Mlimani Park uliitwa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo; na mtindo wa NUTA Jazz, iliyoitwa JUWATA tangu mwaka 1978 na OTTU tangu mwaka 1991, uliitwa Msondo, ambalo pia ni jina la ngoma. Katika dansi gitaa la solo huongoza, magitaa mengine hujibu, na besi hushika njia wasipotee. Aliyezisikia ngoma za Burundi hatashindwa kuitambua kazi ya amashakwe.

Kwa wakazi wa Ngara na Biharamulo, zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Dar es Salaam, muziki huo ulifika kwanza kwa njia ya Radio Tanzania. Lakini redio ndogo ya betri haina kipaza sauti kipana cha kutosha kutoa mtetemo wa chini. Msikilizaji wa kijijini alisikia waimbaji, tarumbeta na solo. Besi aliipata nusu nusu, kama mtu asikiaye nyayo ng'ambo ya mto. Ili kuisikia besi kamili ilimpasa kusimama mbele ya chombo chenyewe. Hiyo ni sababu moja ya kusema kwamba chombo kikikosekana mahali, sehemu ya muziki hukosekana mahali hapo, hata kama nyimbo zinajulikana na wote.

Mshahara, tajiri na chombo

Utaratibu wa chombo cha umma ulikuwa na faida kubwa. Kijana asiye na shilingi ya kununua hata uzi mmoja aliweza kuwa mpiga besi wa kitaifa, maana alichotakiwa kuleta ni vidole na akili. Mtu mmoja aliinuka, mwingine akaketi mahali pake na chombo kile kile, na mkubwa akamfundisha mdogo kwa kuachiana zamu.

Lakini ulikuwa na udhaifu. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mpigaji alipoacha kazi, alitoka mikono mitupu. Baada ya vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 nchi ilipungukiwa mno na fedha za kigeni, na vyombo vya kutoka ng'ambo vikawa adimu. Hapo mwenye vyombo akawa mwenye bendi. Orchestra Matimila, aliyoiongoza Remmy Ongala, ilichukua jina la mfanyabiashara aliyekuwa na vyombo vyake. Mwaka 1985 mfanyabiashara mwingine, Hugo Kisima, alipounda International Orchestra Safari Sound, wanamuziki sita wa Mlimani Park walihamia kwake kwa mara moja. Mlimani Park ilibaki na vyombo, ikalazimika kutafuta mikono mipya. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba chombo na mpigaji ni mali mbili zenye njia tofauti.

Fundisho

Wengine wamehitimisha kwamba mali ya umma haitunziki, na kwamba kila mpigaji na awe na gitaa lake, la buluu au la rangi yoyote. Rai hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Kijana wa Ngara ambaye mzazi wake anaishi kwa migomba na maharage hatanunua gitaa la besi na kipaza sauti chake. Tukimwambia asubiri mpaka awe tajiri, tumemfungia mlango.

Mila ya Maziwa Makuu inatuonyesha kilichokosekana. Ngoma ya nchi ilikuwa ya wote, lakini haikukosa mlinzi. Mlinzi huyo alijulikana kwa jina, aliheshimiwa kwa kazi hiyo, na aliandaa mrithi wake. Katika bendi za umma mwenye chombo alijulikana, mpigaji akashangiliwa, lakini kati yao nafasi ya mlinzi haikupewa heshima iliyostahili. Chama kilipobadilika jina au shirika lilipovunjika, hapakuwa na familia iliyosema: chombo hiki kiko mikononi mwetu.

Shule zetu zinaweza kuanza hapo. Shule yenye ngoma tatu, nanga moja na gitaa moja ina hazina, mradi kila chombo kiwe na wanafunzi wawili waliokabidhiwa kwa maandishi, anayemaliza masomo akimkabidhi anayebaki. Walimu wa Ngara na Biharamulo wawatume wanafunzi kwa wazee, wakaulize ngoma za nchi zilichongwa na nani, zililindwa na nani, na zilikwenda wapi. Majibu hayo yaandikwe sasa, wakati wako bado wa kuyatoa. Chombo chenye mpigaji hutoa sauti usiku mmoja. Chenye mlinzi husikiwa na wajukuu.